Historia ya marehemu baba, dereva wa lori Pemba: niandike nini?

BintiMtambile
Asalaam aleikum. Mzee wetu katangulia mbele ya haki. Alikuwa dereva wa lori hapa Pemba karibu maisha yake yote ya kazi: karafuu msimu ukiingia, mawe, matofali na mchanga ukitoka. Familia imekubaliana historia yake isomwe siku ya hitma ya arubaini, na nakala wawekewe wajukuu. Mpaka sasa nimeandika kwamba alikuwa mchapakazi, mpole, na aliwapenda watoto wake. Nikikisoma naona ni cha mtu yeyote. Mnaoijua kazi ya lori, nimuulize nani, na niulize nini?

Turubali
Waaleikumu salaam. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana dada yangu.

Neno "mchapakazi" lifute, uiandike kazi yenyewe. Anza na utingo wake kama yuhai. Mama anajua saa aliyotoka na saa aliyorudi, lakini yaliyopita katikati anayajua utingo. Halafu nenda kwa fundi wake, kwa sababu fundi hasahau dereva aliyetunza gari wala yule aliyeiua.

Waulize asubuhi yake ilivyokuwa. Lori kuukuu haliwashwi tu likaondoka. Maji ya lejeta huangaliwa injini ikiwa baridi, kijiti cha oili huchomolewa, na chini ya gari huchunguzwa kama kumedondoka dizeli au oili. Matairi pacha ya nyuma hugongwa moja moja. Moja likiisha upepo, mwenzake hubeba mzigo wote, hupata moto na kupasuka, na dereva akiwa kwenye usukani haoni kitu. Kama gari ilikuwa ya breki za upepo, maji hutolewa kwenye matangi yake. Yote hayo huchukua muda, kwa hiyo ikiwa saa 12 asubuhi alikuwa tayari yuko barabarani, ujue aliamka lini.

Uliza pia alivyoshuka vilima, na Pemba havina idadi. Gari iliyojaa ikishushwa kwa breki peke yake, breki hupata moto, zinapoteza nguvu kidogo kidogo, mwisho unakanyaga na gari haishiki. Dereva makini huingia gia ndogo kabla mteremko haujaanza, akaiacha injini iizuie gari. Abiria wa siku nyingi huujua mlio huo. Utawasikia wenyewe wakisema, "yeye alikuwa hakimbii mtelemkoni." Sentensi hiyo iandike kama ilivyosemwa.

Karafuu ipe nafasi kubwa. Karibu kilo 3 za mbichi ndizo zinazotoa kilo 1 ya kavu, tena baada ya siku kadhaa za kuanika, kugeuza na kukimbilia majamvi kila wingu likitanda. Gunia likirowa njiani, karafuu huvunda na kuwa mpeta, na pale kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, daraja linashuka. Jasho la nyumba nzima limepotea kwa mvua ya nusu saa. Basi uliza alifunikaje. Ukiwa na maturubali mawili, la nyuma hufungwa kwanza na la mbele hulazwa juu yake, ili gari ikienda upepo usiingize maji kwenye maungio. Uliza kama bodi ilifagiwa na kukaushwa kabla ya kupakia, maana bodi iliyobeba mchanga jana ina unyevu, na karafuu hunyonya unyevu na harufu ya kila kitu, dizeli na samaki wamo. Kwa mwenye shamba, dereva aliyechunga haya alikuwa mlinzi wa mali yake.

Kama alipeleka makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kwenye kiwanda cha mafuta pale Wawi, litaje. Mzigo ule ni mwepesi lakini hurundikwa juu sana, na kwenye kona gari huyumba kuliko watu wanavyodhani.

UkweniChake
Allah amrehemu. Mimi naongezea upande wa nyumbani.

Mapenzi ya baba wa aina hii utayaona ukifuata pesa. Fedha za lori huja kwa msimu, halafu hukauka. Msimu ulipokuwa mzuri alinunua nini kwanza: sare na madaftari ya skuli, bati za nyumba, mchele wa Ramadhani? Na miezi mikavu alibeba nini ili chungu kisilale? Hapo ndipo mtu anajulikana.

Mama atakuwa bado yumo edani, maana eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10 na arubaini huingia ndani yake. Msomee yeye kwanza, faragha, na atakachosema kisitajwe, basi kisitajwe. Majina ya watoto wote yawemo, wa kila nyumba, kwa umri. Jina moja likirukwa, hitma nzima itazungumzwa kwa hilo.

Jambo jingine lisingoje arubaini. Dereva hubeba amana za watu: bahasha, vifurushi, fedha za kumpelekea fulani. Tafuteni kwenye dashibodi, chini ya kiti na katika daftari lake, kila kitu kimfikie mwenyewe. Madeni yasiingie kwenye historia. Yatangazwe kwa watu kando na historia, yalipwe. Katika mali yake hutangulia gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo mirathi. Ikiwa lori ni lake, lisitumiwe na ndugu mmoja kama mali yake. Nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana mkagawiwe kwa sheria. Mama, kwa kuwa watoto wapo, fungu lake ni thumni, yaani moja ya nane.

BintiMtambile
Allah awalipe kheri. Utingo wake yuko Kengeja, nitamfuata. Aliwahi kupata ajali, mtu akaumia. Niitaje?

Turubali
Usiitaje mpaka umemwona aliyeumia au watu wake. Wakiridhia, andika alichofanya baada yake: alimpeleka hospitali, alimtazama mpaka akapona. Wasiporidhia, iache kabisa.

Kalamu_Wete
Poleni wafiwa. Kwa kusoma mbele ya watu, maneno 500 yanatosha, kiasi cha dakika 4 au 5. Mwone imamu mapema akuoneshe mahali pake, ili isikatize kisomo. Chapa kwa herufi kubwa na mwachie msomaji siku mbili azoee majina. Nakala ya wajukuu iwe ndefu zaidi: weka njia alizopita, aina ya lori, majina ya matingo wake wote.

Picha za zamani zilizoganda kwenye kioo cha fremu msizibandue, rangi hubaki kwenye kioo. Zipigeni picha zikiwa humo humo, kivulini karibu na dirisha, simu ikiinamishwa kidogo ili mng'aro usiingie. Zilizo huru ziandikwe nyuma kwa penseli, nani na wapi. Wino wa kalamu hupenya hadi mbele.