Majibu ya kuotesha mkojo: mbona karibu kila dawa imeandikiwa R?

Mkazi wa Mwanza:
Wapendwa, naomba ufafanuzi. Tangu mwaka jana nimeugua UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) mara tatu, na kila mara nilinunua siprofloksasini katika duka la dawa, nikapata nafuu kwa wiki chache, kisha maumivu ya wakati wa kukojoa yakarudi. Safari hii daktari aliagiza mkojo uoteshwe, yaani bakteria waliomo wakuzwe maabara na kujaribiwa kwa dawa, na baada ya siku mbili majibu yakaonyesha bakteria aitwaye Escherichia coli (E. coli): ampisilini, septrini na siprofloksasini zimeandikiwa R, ilhali nitrofurantoini imeandikiwa S. Je, mwili wangu umeshazoea dawa? Na septrini ambayo sijaimeza miaka mingi, imekuwaje nayo ikatae?

Mtu wa Maabara:
Pole sana, dada. Mwili wako haujazoea chochote; waliobadilika ni bakteria. R maana yake ni kwamba vimelea waliotoka katika mkojo wako waliendelea kuota mbele ya dawa hiyo; S ni kinyume chake, dawa iliwazuia. E. coli huishi utumboni bila kutudhuru, na ndiye msababishi mkuu wa UTI anapoingia kwenye njia ya mkojo. Ukimeza siprofloksasini, huwafikia hata wale wa utumboni, ikawaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi wachache ambao, kwa mabadiliko madogo ya jeni, vimeng'enya vyao havishikwi tena na dawa hiyo. Hao ndio wanaoweza kurudi kibofuni.

Kuhusu septrini, bakteria hupeana viduara vya DNA viitwavyo plazmidi, na plazmidi moja yaweza kubeba usugu dhidi ya dawa kadhaa kwa pamoja. Tena yawezekana uliwapata wakiwa tayari sugu, kupitia chakula, maji au mikono ya mtu mwingine.

Mfamasia wa Zamu:
Nakubaliana na mwenzangu, ila niongeze jambo ambalo sisi wa madukani hatupendi kulisikia: huenda baadhi ya vipindi hivyo havikuwa UTI kabisa. Katika utafiti wa HATUA, uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, wagonjwa wengi wenye dalili hizo hawakukutwa na bakteria wa kutosha kuthibitisha ugonjwa. Baadhi ya magonjwa ya zinaa nayo huleta maumivu kama hayo.

Nitrofurantoini, dawa ya tangu miaka ya 1950, bado inafaa kwa sababu hushambulia sehemu nyingi za bakteria kwa wakati mmoja. Lakini hujikusanya kwenye mkojo tu, wala haifiki vya kutosha katika nyama ya figo. Je, una homa au maumivu ya kiuno, ambayo huweza kuashiria kwamba maambukizi yamefika figoni, au una ujauzito? Mweleze daktari kabla hujaanza dozi.

Mkazi wa Mwanza:
Ahsanteni sana. Homa na ujauzito sina, ila kiuno kinaniuma upande mmoja tangu juzi; sikukitaja kwa daktari kwa kudhani ni ndoo za maji ninazobeba. Vidonge sijavianza, narudi hospitali leo hii.