Nahamia simu mpya, vipimo vya wateja wangu wote viko WhatsApp. Nianzie wapi?

MamaSindano

Habari zenu wapendwa. Mimi ni fundi cherehani, niko Morogoro. Simu yangu ni Tecno niliyonunua 2019, kioo kimepasuka kona hadi kona, na chaji haishiki mpaka waya uupindishe. Juzi mume wangu kaniletea Samsung mpya. Iko kwenye boksi mpaka leo, naiogopa.

Sababu ni hii. Sina daftari la vipimo. Mteja akija, nampima huku narekodi voisi: "kifua 38, kiuno 34, mkono robo tatu", naituma kwenye gumzo lake, basi. Mishono wanayotaka nao wananitumia picha humo humo. Sasa hivi nina sare za harusi mbili, moja ya watu 22, na nyingine ya kamati ya kicheni pati ambayo kila mjumbe anataka shingo yake. Advansi zimeingia kwa M-Pesa na meseji zake ninazo. Mtu akisema "mbona nilishakupa elfu thelathini", nafungua meseji, tunayamaliza hapo hapo.

Mwaka 2021 nililia. Mdogo wangu alinihakikishia, "dada, kila kitu kipo Google, kitarudi chenyewe", akairiseti simu, yaani akaifuta yote irudi kama mpya. Vilirudi kweli, ila vya miezi minne nyuma. Nikaanza kuwapigia wateja waje nipime upya. Wengine wakanitania kwamba nimesahau maumbo yao. Mmoja hakutania, alikuja kuchukua kitambaa chake.

Safari hii kuna kijana wa kibanda cha simu anataka elfu kumi, nimwachie simu zote mbili pamoja na namba ya siri mpaka kesho yake. Nimeingia kwenye mambo ya bakapu ya WhatsApp, ile nakala ya akiba, nimekuta ya mwisho ni Machi 14. Huu ni mwezi wa nane! Siku zote nilijua inajifanya yenyewe kila usiku. Nimwachie kijana, au naweza mwenyewe? Nielekezeni taratibu, kama mnamfundisha mtoto kutunga uzi kwenye sindano.

Fundi_Kkoo

Dada, usimwachie mtu simu ilale kwake na namba ya siri. Simsemi kijana wa watu vibaya, mimi mwenyewe nafanya kazi hiyo hiyo Kariakoo. Lakini kazi yenyewe inafanyika mteja akiwa amekaa kwenye stuli anaangalia.

Hiyo ya Machi, naona nafasi yako ya Google, ambako bakapu inawekwa, imejaa. Zamani bakapu ya WhatsApp kwenye Android ilikuwa haihesabiwi. Tangu 2024 inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure, kwenye fungu moja na picha zako na barua pepe. Zikijaa, bakapu inasimama. Inakuletea kijitangazo, wewe unakifuta ukidhani ni tangazo la bando, na maisha yanaendelea.

Kwa hiyo usipitie Google kabisa. Hamisha simu kwa simu. Washa Wi-Fi na lokesheni kwenye simu zote mbili. Bando halitumiki kubeba hayo magumzo, simu zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Kwenye Tecno ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya magumzo, shuka mpaka palipoandikwa Transfer chats, chagua Android, uanze. Kwenye Samsung weka WhatsApp, andika namba yako ile ile, subiri meseji ya tarakimu sita. Hizo tarakimu usimtajie mtu yeyote, hata mimi. Samsung itakuuliza kama unataka kuhamisha kutoka simu ya zamani. Kubali, itatoa kile kimraba cha madoadoa (QR), ukipige kwa kamera ya Tecno. Halafu uwe na subira.

Sasa sikiliza hapa ndipo watu wanapoumia. Ukikosea njia, Samsung itakuletea ile bakapu ya Machi na kitufe kizuri cha kijani. Usikibonyeze kwa haraka. Na kosa la pili: mtu anaona WhatsApp ya simu mpya tupu, anasema ngoja nifanye bakapu nianze upya. Ile mpya inakaa juu ya ya zamani. Hata Machi yako inaondoka.

Babu_wa_Lushoto

Mwanangu, daftari la kurasa 96 halijai wala haliishiwi chaji.

kijana_wa_chuo

Fundi yuko sahihi, ila mimi nina wasiwasi na hiyo chaji ya kupindisha waya. Simu ikizimika katikati utaanza upya, kwa hiyo dada, jikinge kwanza.

WhatsApp huwa inatunza nakala nyingine ndani ya simu yenyewe, inaitengeneza saa nane usiku. Fungua mafaili, ingia Android, kisha media, utaona folda inaitwa com.whatsapp. Inakili yote kwenye kompyuta au kadi ya memori. Hata Tecno ikifa kesho, folda hiyo ukiiweka mahali pale pale kwenye Samsung kabla ya kufungua WhatsApp, kwa namba ile ile, magumzo yanarudi. Kama uliwahi kuweka nywila kwenye bakapu, hakikisha unaikumbuka, maana ukiisahau hata WhatsApp wenyewe hawawezi kukufungulia.

Angalizo kuhusu kadi: kama Tecno iliwahi kukuuliza uitumie kama sehemu ya hifadhi ya simu na ukakubali, ukiihamishia simu nyingine haitasomeka. Imefungwa kwa simu ile.

MamaSindano

Shikamoo babu. Daftari nilikuwa nalo, lilimwagikiwa chai. 😄

Nimefanya! Nilianza na folda, nikaiweka kwenye kompyuta ya mtoto wa jirani. Kisha nikakaa mezani, waya wa Tecno nikaubana kwa kibanio cha nguo na juu nikaweka pasi, imepoa lakini. WhatsApp yangu ilikuwa GB 9 na ushee. Mara ya kwanza ilikwama, kumbe sikuwasha lokesheni. Mara ya pili ilikwenda zaidi ya saa nzima, na mimi sikuthubutu hata kwenda kugeuza maharage.

Voisi zote zipo. Nimefungua ya bibi harusi, nimesikia sauti ikisema "nyonga 44, usiandike, nitakonda". Ilikuwa ni sauti yake yeye, alininyang'anya simu.

Ila meseji za M-Pesa sizioni kwenye Samsung. Na majina ya watu yalikuwa 312, sasa nahesabu 187. Hela yangu je, ipo?

Fundi_Kkoo

Hela iko kwenye akaunti ya M-Pesa ya namba yako, haikai kwenye simu. Ukihamishia laini Samsung, utaipata humo.

Meseji za kawaida hazibebwi na WhatsApp, ndiyo maana. Na majina: 187 ni yale uliyohifadhi kwenye akaunti ya Google, mengine yamebaki kwenye kumbukumbu ya Tecno au kwenye laini. Kwa kuwa umehamia Samsung, weka Smart Switch, programu yao ya kuhamishia vitu, kwenye simu zote mbili. Chagua meseji, majina na picha, WhatsApp usiiguse tena. Majina yakishaingia, yahamishie yote kwenye akaunti ya Google ili siku nyingine usihesabu.

MamaSindano

Meseji zimekuja zote, hadi za 2022. Majina sasa ni 309. Matatu yaliyopotea nadhani ni "Mama Kitambaa Cheusi" niliyemwandika mara nne.

Swali la mwisho. Mdogo wangu, yule yule wa 2021, anaitaka hiyo Tecno. Niiriseti nimpe?

kijana_wa_chuo

Ukimpa, toa kwanza akaunti yako ya Google kwenye mipangilio, ndipo uiriseti. Ukiriseti kupitia vitufe vya pembeni bila kuitoa, simu itadai ile akaunti yako ya zamani na hataweza kuitumia. Lakini kwa nini unaharakisha?

MamaSindano

Siharakishi. Nimemwambia iko kwenye droo ya cherehani, imezimwa, na itabaki humo mpaka mtu wa 22 avae sare yake aseme haimbani.