Naomba ushauri: randa ya zamani ya Record imeshika kutu

Wadau habarini, nko Kisauni. Kuna mzee fundi seremala amenipa randa yake ya chuma ya kulainishia mbao, ya kampuni ya Record, namba 4, ya kule Sheffield Uingereza, nzito imetulia mkononi, naipenda sana na nataka nifanye nayo kazi sio kuiweka kabatini. Shida ni kutu, si mnajua hewa yetu ya bahari ina chumvi, patasi ukiisahau bila mafuta tu ishabadilika rangi.

Kisu chake nshakilaza kwenye siki usiku kucha, nikakisugua na brashi ya waya, kimetoka safi na nimekinoa digrii 25. Sasa mwili wake ndio naogopa kuutia siki manake ile rangi yake ya buluu bado ipo kiasi, nahisi itabanduka. Nitumie msasa na mafuta ya taa tu ama kuna njia nyingine? Na tumbo lake, ule upande wa chini unaopita juu ya mbao, naona halijanyooka, mshawahi kusugua juu ya kioo chenye msasa ikakaa sawa?

Halafu nikimaliza nipake nini, mafuta ya cherehani au nta? Mbao zangu nyingi ni mvule na mbambakofi, na hiyo mbambakofi yachimbika vibaya kisu kikiwa butu. Wenye uzoefu nisaidieni jamani.