Ikoni ya kikapu inasomwa "shopping cart": nirekebishe vipi?

kodi_kinondoni
Wakuu, habari zenu. Kuna tovuti ya duka la vitenge Kariakoo, menyu yake ni ikoni tupu za Material Icons (fonti ya ikoni ya Google). TalkBack, kisomaskrini cha Android kinachowasomea wasioona kwa sauti, ikifika kwenye kikapu inatamka "shopping cart". Mtandao ukiyumba, neno hilo hilo linatokea kwenye skrini kabla ya mchoro. Mteja hataki ikoni ziondolewe.

mlinda_tagi
Mkuu, fonti hiyo hutumia ligacha: ndani ya tagi kuna neno la kawaida, fonti ndiyo inaligeuza mchoro. Kisomaskrini kinasoma neno. Ficha ikoni, kipe kitufe jina:

```
<button type="button">
 <span class="material-icons" aria-hidden="true">shopping_cart</span>
 <span class="fichwa">Kikapu</span>
</button>

.fichwa { position:absolute; width:1px; height:1px;
 overflow:hidden; clip-path:inset(50%); white-space:nowrap }
```

Usiweke display:none kwenye .fichwa, maana kisomaskrini nacho hakitaliona neno. Na aria-hidden, inayoficha kitu kwa kisomaskrini tu, ikae kwenye ikoni tu. Ukiipachika kwenye kitufe chenyewe, asiyeona atatua hapo kwa kibodi na asisikie jina lolote. Halafu weka lang="sw" kwenye tagi ya html, Kikapu kisije kikasomwa kwa matamshi ya Kiingereza.

bi_pikseli
Hilo neno linalochungulia ni kazi ya font-display, amri ya CSS inayoamua nini kionekane fonti ikichelewa. Kwa ikoni tumia block (huacha pengo tupu), si swap (huonyesha neno kwanza). Ila block nayo husubiri takriban sekunde 3, faili lisipofika neno linarudi. Tena wapo wenye disleksia (ugumu wa kusoma) wanaolazimisha fonti yao kwenye kila ukurasa. Hapo ikoni zote zinavurugika. Kwa menyu ndogo hivyo mimi ningeachana na fonti kabisa: SVG (mchoro ulioandikwa kwa msimbo) ndani ya HTML, aria-hidden="true", fill="currentColor". Mteja hataona tofauti.

kodi_kinondoni
Asanteni. Na nyota za bidhaa? Ziko tano kila kitenge, kila moja niipe jina?

mlinda_tagi
Hapana, utamchosha mtu. Zifunge zote kwenye span moja yenye role="img" na aria-label="Nyota 4 kati ya 5".

bi_pikseli
Rangi ya nyota pia iangalie. WCAG (mwongozo wa tovuti zinazofikika na wenye ulemavu) inataka uwiano wa mwangaza wa 3:1 dhidi ya mandharinyuma, na njano juu ya nyeupe haifiki. Vitufe visipungue pikseli 24 kwa 24. Kama nafasi ipo, andika "Kikapu" chini ya ikoni kionekane na wote, ile .fichwa uitoe.