Tupeane uzoefu: ngazi na mpango wa nyumba yenye watoto, hapa Amu (Lamu)

Fundi Langoni: Ramani moja imenipitia mikononi leo. Ghorofa mbili, watoto watatu, na ngazi imebanwa dakani, pale barazani mlangoni, kama kawaida yetu: kimo mita 3, vidato 13. Gawanya mwenyewe, kila kidato sentimita 23. Mtoto wa miaka miwili atapanda kwa mikono na kushuka kwa kichwa. Leteni mliyoyaona majumbani.

Bi Kiwandani: Na jiko wameliweka juu, chini ya makuti, sivyo? Mama anashuka na sufuria ya moto, mtoto kamshika buibui.

Mwashi wa Shela: Kwa mita 3 weka vidato 18, kila kimoja 16.7, pa kukanyagia 27. Vunja ngazi vipande viwili, tisa kwa tisa, pumziko la mita moja katikati. Itakula kama mita 3.2 kwa 2.1, inaingia chumba cha boriti vizuri ukiipanga kando ya kiwanda, ule ua wa ndani ulio wazi juu, penye mwanga.

Lakini kinachoangusha watu ni vidato visivyolingana. Ngazi humwagwa zege kabla ya sakafu. Baadaye sakafu ya chini na ya juu zinapanda sentimita 5 kwa saruji na vigae, ngazi yenyewe inapata 3 tu. Kidato cha kwanza kimebaki 14.7, cha mwisho kimekuwa 18.7. Mguu umeshazoea 16.7, pale juu kabisa kidole kinagonga. Piga alama ya sakafu iliyokwisha ukutani, kwa mpira wa maji wa kupimia usawa, kabla hujafunga mbao za zege.

Mzee Mkomani: Watu wamelelewa humu kwenye ngazi nyembamba tangu zama za mababu. Mnauchokoza mji.

Bi Kiwandani: Kwa heshima yako mzee wetu, walilelewa na nyanya na mashangazi wa kuwashika. Leo mama yuko peke yake.

Seremala Matondoni: Mmesahau fito za ukingo wa ngazi. Kuna nyumba mpya, fito zimeachana sentimita 14. Mtoto akatanguliza miguu, kiwiliwili kikapita, kichwa kikagoma, akaning'inia upande wa kiwandani. Huyu anavuta mabega, yule anaita mafuta ya nazi, mtoto ndiyo anazidi kukazika. Aliyekuwa na akili alikimbilia chini akabeba uzito wa miguu, mwingine akakata ufito mmoja kwa msumeno kule chini, mbali na shingo. Nafasi isifike sentimita 10. Chonga kibao cha mviringo cha 10, kipitishe kila mahali. Kikipita, fito ziongezwe. Hata kati ya vidato visivyo na mgongo, vilivyo wazi nyuma.

Mshela: Subhanallah! Yu mzima?

Seremala Matondoni: Mzima, alhamdulillahi.

Kijana wa Malindi: Jeki ya gari ingetanua hizo fito mara moja. Msumeno wa nini?

Seremala Matondoni: Jeki Mkomani, mtaani kusiko na gari, tuiazime kwa punda?

Kijana wa Malindi: 😂 Basi wekeni chuma.

Mwashi wa Shela: Chuma cha kawaida kwa upepo huu wa chumvi huoza kwenye maungio, rangi ikiwa bado inang'aa. Ukitaka chuma, chukua kisichoshika kutu, daraja la 316. La sivyo mvule au mbambakofi. Fito zisimame, za kulala mtoto anazipanda. Mkono wa ngazi sentimita 90, wa watoto 60, ukingo wa paani 110.

Bi Kiwandani: Huo wa 60 ukiuweka upande wa fito, umempa pa kukanyaga.

Mwashi wa Shela: Upande wa ukuta tu, dada. Hapo umenishika.

Nuru: Kigeti cha kumzuia mtoto juu ya ngazi kisiwe cha kubana tu kati ya kuta bila skrubu. Mtoto akikiegemea kinatoka naye. Kiwe na bawaba, kifunguke kuelekea ndani, si juu ya ngazi, na kisiwe na chuma cha kuvuka miguuni. Ukuta wa matumbawe na chokaa haushiki skrubu fupi: funga kwanza nguzo ya mbao kwa bolti ndefu, bawaba ndizo ziingie kwenye nguzo.

Mzee Mkomani: Haya, jiko lishuke chini. Moshi utauvumilia nani?

Bi Kiwandani: Gesi, mzee wetu. Mtungi ukae nje kiwandani.

Fundi Langoni: Vidato 18 nimevichora, choo cha chini kimesogea. Nuru, nguzo ya kigeti inchi ngapi?

Nuru: Tatu kwa tatu, bolti tatu.