Kadutu na Ibanda: nichukue t, Mann-Whitney au kai-mraba?

Mwanafunzi_Bkv: Jambo wandugu. Niko naandika memwari (kazi ya kumaliza chuo) juu ya mtazamo wa watu kuhusu kutia klorini ndani ya maji ya kunywa. Nimehoji watu 60 Kadutu na 60 Ibanda, komini mbili za Bukavu, maswali 8, kuanzia 1 (nakataa kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa). Nataka kupima kitakwimu kama pande hizi mbili zinatofautiana. Msimamizi anataka jaribio la t (linalolinganisha wastani wa makundi mawili), mwenzangu anasema kai-mraba, mimi nimesoma Mann-Whitney. Nishike lipi?

Fundi_Namba: Kai-mraba inahesabu tu wangapi wametoa kila jibu, haioni mpangilio wa majibu. Kwake "nakubali" na "nakataa" ni vikapu tu. Vihamishe utakavyo, jibu ni lile lile. Tena kwa watu 60, vikapu vya pembeni vinaweza kubaki na wawili watatu, na idadi inayotarajiwa (ile ambayo kikapu kingepata kama pande zote mbili zingejibu sawa) ikishuka chini ya 5, usiitegemee kai-mraba. Kwa swali moja moja chukua Mann-Whitney: inawapanga wote 120 kwenye mstari mmoja na kuangalia upande gani umekaa juu. Wengi watafungana alama, kwa hiyo hakikisha programu inarekebisha sare.

Mama Neema: Msimamizi naye usimtupe, mwanangu. Likert mwenyewe, aliyeanzisha vipimo kama hiki chako cha 1 hadi 5, mwaka 1932 alijumlisha maswali mengi. Jumla yako inatoka 8 hadi 40. Hapo t inafaa, ile ya Welch isiyodai alama za pande mbili zitawanyike sawa. Ila maswali ya kinyume, ambayo kukubali ni kuikataa klorini, yageuze kwanza: 5 iwe 1, 4 iwe 2! Mimi niliwahi kusahau moja, "klorini inaharibu ladha", nikapoteza wiki nzima.

Kaka_Bagira: Mbele ya yote, wale 60 uliwatoa nyumba ngapi?

Mwanafunzi_Bkv: Parsele 20 kila upande, watu watatu watatu.

Kaka_Bagira: Basi shida iko hapo, si kwenye jina la jaribio. Yote matatu yanadai kila jibu lisimame peke yake. Baba, mama na kijana wanaokunywa kidumu kimoja, tena walisikilizana wakijibu, si mashahidi watatu. Thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivyo kwa bahati tu) itatoka ndogo kuliko inavyostahili. Njia nyepesi: tafuta wastani wa kila parsele, linganisha 20 na 20.

Mwanafunzi_Bkv: Yaani 120 yangu imekuwa 40?

Kaka_Bagira: Ndiyo, ndugu. Kuna modeli za ngazi, zinazozingatia nani anatoka parsele ipi na kubakiza watu wote, lakini kwa memwari ya mwezi ujao sikushauri.

Mwanafunzi_Bkv: Sawa, usiku huu naanza upya. Mama Neema, nimefungua faili: lile la ladha hata mimi sijaligeuza.