Mjadala: Je, kuta za ofisi zibomolewe?

Mhasibu wa Upper Hill: Mwajiri wetu ametangaza kwamba vyumba vyote vitabomolewa, tukae katika ukumbi mmoja wenye meza ndefu ili tushirikiane zaidi, na hakuna mfanyakazi aliyeulizwa. Je, ofisi hupangwa kwa ajili ya anayelipa pango au anayeshinda humo kutwa?

Mzee wa Donholm: Anayelipa pango ndiye mwenye kauli. Isitoshe, kwa miaka ambayo nimesimamia watu, nimeona kwamba anayelilia mlango wa kufunga aghalabu ana jambo la kuficha.

Mama Pacha: Kwa heshima, mzee, nilichokuwa nikikificha mimi ni titi. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi ya miezi mitatu, nilikamulia maziwa chooni, ilhali Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea.

Mzee wa Donholm: Binti yangu, sikukulenga wewe, nilisema juu ya wanaosinzia kazini. Chumba hicho kwetu kipo, ila hakuna anayekitumia.

Mama Pacha: Hakitumiki kwa sababu kimejaa katoni, kama vilivyo vingi mjini humu.

Msanifu Majengo: Turudi kwenye kuta. Watafiti Bernstein na Turban walichapisha mwaka 2018 utafiti kuhusu kampuni mbili za Marekani zilizohamia ofisi za wazi, wakakuta mazungumzo ya ana kwa ana yamepungua kwa takriban asilimia 70 na barua pepe zimeongezeka. Msiitegemee sana sheria yetu ya usalama kazini ya 2007 iwakinge na msongamano, kwani mita za ujazo 10 inazomtengea kila mtu, chini ya dari ya mita 3, ni sakafu isiyofika hata mita za mraba 4.

Mzee wa Donholm: Hao ni Wamarekani. Hapa Nairobi watu huzungumza.

Mhasibu wa Upper Hill: Watazungumza, naam, huku mimi nikifunga hesabu za mwezi. Wewe mwenyewe unakaa wapi, mzee?

Mzee wa Donholm: Nina chumba, kwa kuwa natunza barua za nidhamu na siri za mishahara. Kuhusu katoni, Jumatatu nitauliza ziliwekwa na nani.

Mama Pacha: Uliza pia ufunguo anao nani.